Daftari la Miruko ya Fiston

Sisi watu wa kwetu hatutupi karatasi. Kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana ndevu, nakala ya nakala ya hati ya ukimbizi iliyokwisha muda zamani, risiti ya duka ambalo halipo tena, vyote tunavitunza, kwa sababu huwezi kujua kesho ofisi gani itakuuliza nini. Mama alizitunza zake katika begi gumu la kahawia chini ya kitanda. Alifariki mwezi uliopita. Wageni wa matanga walipokwisha kuondoka na viti vya kanisa vikarudishwa, nilikaa sakafuni nikalifungua begi lile, na kabla sijaona chochote ikanijia harufu ya chaki ya fundi na mafuta ya cherehani. Nikajua nitalia, nikaenda kwanza kufunga mlango.

Chini ya karatasi zote kulikuwa na daftari la shule lenye jalada la bluu. Nilikuwa na hakika lilitupwa. Kurasa zake za nyuma zilikuwa zimebanwa pamoja kwa pini mbili za fundi zilizoota kutu, lakini mama alikuwa mtu wa kubana kila kitu kwa pini, hata mapazia, kwa hiyo sikuzijali. Nilifungua ukurasa wa kwanza na kukuta mwandiko wangu wa miaka tisa, herufi kubwa zinazopanda mlima: MIRUKO YA FISTON. Nikalifunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kukuta mtu ndani.

Tuliishi mtaa wa Point, ghorofa ya nne, katika jengo la zamani upande wa bandari ambalo lifti yake ilikufa kabla sisi hatujafika. Tulikuwa watatu: mama, kaka yangu Fiston, na mimi. Baba alibaki Bukavu, mwanzoni kwa wiki mbili, halafu kwa maisha yote. Mama alishona vitenge vya kina mama wa kanisani na kufupisha suruali za majirani. Fiston alikuwa na miaka kumi na saba. Aliniita Kadogo, na kwa sababu yeye aliniita hivyo, mtaa mzima uliniita hivyo.

Fiston alitaka kitu kimoja tu duniani: kudanki. Kuruka mpaka mkono upite juu ya ringi na mpira uingizwe kwa nguvu kutoka juu, ringi itikisike, watu washike vichwa. Tatizo ni kwamba hakuwa mrefu. Nyumbani alikuwa mrefu, ndiye aliyetushushia sufuria za juu, lakini uwanjani alikuwa kama mtoto aliyepotea kati ya miguu ya wajomba. Aliyemfundisha ni Mwalimu Otieno, Mkenya aliyekuwa akisomea shahada ya juu chuo kikuu na ambaye Jumamosi alikusanya vijana wa mpira wa kikapu kwenye uwanja wa saruji karibu na ufukwe. Siku moja alimwambia kwamba kuna shule ya kulipia, upande wa juu wa mji, ambayo mwishoni mwa baridi ingefanya majaribio na kumchukua kijana mmoja. Ada italipwa na shule yenyewe, atalala huko huko, atakula huko huko.

"Wafupi wenye kupiga chenga ni wengi, kijana," Mwalimu Otieno alisema. "Lakini mfupi mwenye anadanki, huyo hawatamsahau. Enda ujifunze kuruka."

Mama aliposikia kwamba ada italipwa aliacha kushona, na mama hakuwa mtu wa kuacha kushona. Kuanzia usiku ule shule ile iliombewa mezani kwetu kabla ya chakula, ikitajwa kwa jina lake kama ndugu mgonjwa.

Mazoezi ya Fiston yalitoka kwenye simu ya rafiki, programu ya wiki kumi na mbili. Fiston aliinakili yote kwa mkono kwenye kipande cha katoni na kukigandisha juu ya kitanda. Kupanda ngazi kwa vidole vya miguu, ghorofa nane, mara tano. Kamba. Kuruka chini kutoka kwenye kreti ya bia na kabla hujapumua kuruka tena juu. Mama alimshonea mifuko miwili midogo kutokana na vipande vya jinzi, yenye kamba za kufungia kwenye vifundo vya miguu, nasi tukaenda ufukweni kuijaza mchanga. Jioni nyumba yetu ilitetemeka. Gogo wa ghorofa ya tatu, bibi wa Kizulu aliyetupenda sana kila saa isipokuwa ile, aligonga dari yake kwa ufagio na kupaza sauti, "Hhayi wena, Fistoni!" Fiston alijibu, "Sorry, Gogo!" akiwa hewani.

Ijumaa ilikuwa siku ya kupima, na kupima ilikuwa kazi yangu. Nyuma ya jengo, kando ya mapipa ya taka, kulikuwa na ukuta mrefu na ngazi za chuma za dharura zilizopita ubavuni mwake. Nilikaa kwenye kituo cha kwanza cha ngazi, miguu yangu ikining'inia, futi ya mama ya kupimia nguo shingoni kama fundi mkubwa. Fiston alisimama chini, nyayo zimekanyaga ardhi, akanyoosha mkono na kuweka mstari kwa chaki ya bluu.

"Hapa chini ni miye vile Mungu alinifanya," alisema siku ya kwanza. "Hapa yulu, iko kazi."

Alipaka chaki kwenye vidole, akarudi nyuma hatua tatu, akaruka, na vidole vyake vikaacha alama ukutani karibu na goti langu. Mimi niliinama, nikapima kutoka mstari wa chini hadi alama, nikasoma kwa sauti, nikaandika, kisha nikafuta alama kwa kitambaa kibichi ili ukuta usichanganyikiwe. Sentimita sitini. Wiki mbili baadaye sitini na tatu. Kisha sitini na saba. Kila nambari ilipopanda nilipiga kelele mpaka paka wa mapipa wakakimbia. Ilipofika sabini na sita alikuwa tayari anaigusa ringi kwa ncha za vidole, na alinibeba mabegani ghorofa zote nne. Alisema hilo nalo ni zoezi.

Programu ilisema pia mtu apime miguu yake. Nilipitisha futi kwenye paja, nikaandika. Kwenye goti, nikaandika. Kwenye shavu la mguu, nikaandika. Mashavu ya miguu yalikuwa yakinenepa, nami nikamuuliza kwa nini.

"Nguvu inaingia, Kadogo. Muguu inavimba juu nguvu inaingia mule ndani."

Nilielewa. Nilielewa vizuri mno. Niliona nguvu kama maji ya bomba yanayojaza ndoo: yanaingia polepole, na siku mguu utakapojaa kabisa, kaka yangu atapanda juu. Kila kipimo kilipoongezeka nilichora nyota kando yake kwa kalamu nyekundu.

Ndipo goti la kushoto likaanza. Thelathini na nane. Thelathini na tisa na nusu. Arobaini na moja. La kulia lilikaa pale pale na nikaliona kama goti vivu. Nilichora nyota moja, kisha nyota mbili, kisha, wiki ile lilipofika arobaini na tatu, nikachora nyota nne na kumwonyesha Fiston nikiwa nimejawa na furaha.

"Tazama! Nguvu yote imeingia kwa goti!"

Aliitazama nambari ile kwa muda mrefu. Mimi nilidhani anahesabu nyota.

"Eh," alisema. "Inaingia." Lakini hakucheka, na Fiston alikuwa mtu wa kucheka.

Mama naye aliliona goti. Alifanya kile ambacho mama yake angefanya na mama wa mama yake: kila jioni aliweka maji ya moto na chumvi kwenye beseni na kumkanda. Alikanda kwa vidole vya mtu aliyeshona miaka ishirini. Mama mmoja wa kanisani aliyejulikana kwa mikono yake alikuja pia, akavuta mguu na kusema mshipa umepanda. Fiston alinishika mkono na kuutazama ukuta. Kama kuna kitu ninachotamani kukisahau katika utoto wangu, ni ile mikono yenye upendo ikibonyeza pale pasipotakiwa kuguswa.

"Twende hospitali?" mama alimuuliza mara moja, nami nikiwepo.

"Hapana, Maman. Ni maumivu ya kuruka. Programu ilisema goti itauma. Na karatasi yetu imekwisha, wataanza kuuliza pale mlangoni."

Miadi ya kuongezewa muda wa hati ilikuwa haijatoka, na mama alikuwa akiogopa kila meza yenye mtu nyuma yake. "Tungoje karatasi itoke kwanza," alisema. Tukangoja.

Ijumaa iliyofuata alama ya bluu iliishia chini. Nilipima mara mbili. Sabini. Nilitazama chini, Fiston ameinua uso, jasho linamtiririka, mkono mmoja umeshika paja.

"Ngapi?"

Nilikuwa na miaka tisa na nilimpenda kuliko mtu yeyote aliye hai. Nikasema, "Sabini na saba."

"Kweli?"

"Kweli. Moja imeongezeka."

Nikafuta alama haraka, nikaandika sabini na saba, na ili uongo usikae peke yake nikauchorea nyota. Nilijiambia kwamba nguvu bado iko gotini, inasubiri, na ikianza kushuka hadi unyayoni nambari zitapanda zenyewe na kuukuta uongo wangu umekuwa kweli. Wiki ya pili alama ilikuwa sitini na sita, nikasema sabini na nane. Wiki ya tatu sitini na moja, nikasema themanini. Alisema, "Sharp, Kadogo," na akapanda ngazi akishika ukuta.

Siku zile aliacha kwenda uwanjani Jumamosi. Alisema anahifadhi nguvu. Mwalimu Otieno akaja kumtafuta. Mama alikuwa ameenda kupeleka nguo, Fiston amelala, nami nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikimenya chungwa. Alichuchumaa mbele yangu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Kadogo, ndugu yako ako sawa kweli? Wiki ile nilimwona akichechemea. Hiyo goti imeonwa na daktari?"

Kinywa changu kilikuwa kimejaa chungwa. Ningeweza kusema. Ningeweza kusema analia usiku na kuuma mto, kwamba goti lake lina joto kama sufuria, kwamba alama ya bluu inashuka. Lakini majaribio yalikuwa yamebaki wiki moja, na niliogopa kwamba Mwalimu akijua atampeleka mwingine. Nikakimbia ndani, nikaleta daftari, nikalifungua ukurasa wa miruko tu, nikifunika ule wa magoti kwa kiganja.

"Themanini," alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Themanini! Na mimi nilikuwa nataka kumwambia apumzike." Akasimama. "Sawa. Mwambie Jumamosi, saa tatu. Na akule vizuri."

Nilimwangalia akishuka ngazi akipiga mluzi. Ni mimi niliyemfanya apige mluzi.

Jumamosi ile mama alivaa kitenge chake cha kanisani, kile cha njano. Ukumbi wa shule ulikuwa na sakafu ya mbao inayong'aa na ringi nyeupe kabisa ambayo nilidhani haijawahi kuguswa. Fiston alikaa mwisho wa benchi akiwa amevaa suruali ndefu ya mazoezi, wakati wenzake wote walivaa kaptula. Jina lake lilipoitwa alisimama, akatugeukia, akanikonyeza jicho. Akakimbia. Nilishangaa kwa sababu siku zote aliruka kwa mguu wa kushoto, na siku ile aliruka kwa wa kulia. Hakufika. Vidole vyake vilipita chini ya ringi, akashuka, akatua kwa mguu wa kushoto, na nikasikia mlio kama mtu amevunja muwa.

Mpira uliendelea kudunda peke yake mpaka ukaacha. Mama alikuwa ameshaingia katikati ya uwanja na viatu vyake vya kisigino, juu ya ile sakafu isiyoruhusiwa viatu, akiita, "Fiston! Fiston wangu!" Mwalimu Otieno alimshika kichwa. Mimi nilibaki kwenye benchi, futi shingoni.

Hospitali hawakuuliza karatasi. Mtu akiletwa hivyo hawaulizi, na hilo nalo mama hakujisamehe. Daktari alisema mfupa ulikuwa umeliwa kwa ndani muda mrefu, juu kidogo ya goti. Alisema jina la saratani ambalo mama alimwomba aandike, na kipande hicho cha karatasi nacho nilikikuta begini. Alisema kuvimba kule ndiko kulikokuwa dalili. Baada ya wiki chache waliukata mguu, na mama alipotuambia nyumbani, mbele ya wageni wa kanisani, niliuliza kwa sauti kubwa swali ambalo bado linaniamsha.

"Mbona wamekata ule wenye nguvu?"

Mama alinivuta, akanikumbatia hadi nikakosa pumzi.

Fiston aliomba aletewe daftari lake hospitalini, na mama akampelekea. Mimi sikuruhusiwa kuingia sana kule. Kwetu mtoto haambiwi mambo mazito, anaambiwa nenda kacheze. Niliambiwa anaendelea vizuri. Niliambiwa anapumzika. Niliambiwa ameenda mahali pazuri zaidi, nami nikauliza kama huko kuna ringi, na mama mmoja akasema ndiyo, mwanangu, ndiyo. Nilijua amekufa siku Gogo wa ghorofa ya tatu alipopanda ngazi na kukaa mlangoni kwetu, ufagio wake mkononi, kwa sababu alikuwa ametoka mbio na kusahau kuuweka.

Mvua iliosha mstari wa chini ukutani, ule wa vile Mungu alimfanya. Sikupima kitu tena. Nilikua, nikasoma, nikaolewa, nikapata binti, na katika yote hayo nilikuwa na siri moja. Nilijua nani alimuua kaka yangu. Kama ningesema sabini, angeacha kuruka. Kama ningesema sitini na moja, Mwalimu angempeleka kwa daktari siku ile ile. Mara nyingi nilikaa karibu na mama akishona, nikafungua kinywa kumwambia, na kila mara aliniwahi: "Nishikie hapa, Kadogo," akinipa ncha ya kitambaa. Nilidhani ni bahati mbaya tu. Mwalimu Otieno alirudi Kenya na sikumwandikia kamwe.

Basi mwezi uliopita, sakafuni, nilizichomoa zile pini mbili. Zilikuwa zimeacha madoa ya kutu kwenye kila ukurasa, maana yake zilikaa hapo tangu zamani sana. Nilitarajia michoro ya magauni. Nikakuta mwandiko wa Fiston, ule uliolala upande wa kushoto. Alikuwa akienda ukutani peke yake, siku ile ile ya Ijumaa, baada ya mimi kuingia ndani. Alikuwa akipanda ngazi za chuma na kujipima mwenyewe.

*Kadogo anasema 77. Miye 70.*

*Kadogo 78. Miye 66. Usiku inauma sana.*

*Kadogo 80. Miye 61. Muguu ya kuume 58. Nitajaribu na ya kuume.*

Nikacheka, Mungu anisamehe, kwa sababu hata mimi mkubwa sikuwahi kuwaza jambo dogo hivyo: kwamba mtu anayeruka anajua amefika wapi. Ringi ilimwambia. Goti lilimwambia. Aliniacha nipige kelele zangu.

Ukurasa wa mwisho mwandiko unatetemeka, bila shaka ni wa hospitalini, na unamwandikia mama. *Maman, nilijua tangu mbele. Nilitaka shule kwanza. Kadogo alikuwa anaongeza juu ya kunifurahisha. Usimwambie kitu kama nilijua, ni mutoto, mwache. Asifikiri ni yeye.*

Mama alimtii. Alizibana kurasa hizo kwa pini mbili, akaziweka chini ya kila karatasi aliyoiogopa, na kila nilipofungua kinywa alinipa kitambaa nishike. Hakuna hata mmoja wao aliyeniambia kitu, nami miaka yote hii nimefikiri ni mimi.